Soseji za Kijerumani kwa Jiko la Nyanda za Juu Kusini: Kuzitengeneza na Kuzipika

Mtu aliyezoea soseji nyekundu zinazopangwa kwenye kabati la kioo la muuza chipsi pale Mwanjelwa au Soweto jijini Mbeya, zikisubiri kutumbukizwa kwenye mafuta ya moto, anaweza kudhani kwamba soseji ni kitu cha kiwandani kisichowezekana nyumbani. Kwa Wajerumani, ambao huhesabiwa kuwa na zaidi ya aina 1,500 za soseji, hii ni kazi ya bucha la mtaani, na kwa familia nyingi za vijijini ilikuwa kazi ya siku ya kuchinja nguruwe. Vifaa vyake ni vichache: mashine ya mkono ya kusagia nyama, faneli ya kujazia, mizani ndogo ya jikoni, kisu kikali na sufuria pana. Kipimajoto cha jikoni kikipatikana ni bora zaidi, kwa sababu kazi yote hii inasimama juu ya joto. Nyama inatakiwa iwe ya baridi sana inaposagwa na kuchanganywa, na soseji inatakiwa ipikwe kwa moto wa wastani. Karibu kila soseji iliyopasuka, iliyokauka au iliyotoa mafuta yote ilikosewa katika mojawapo ya hatua hizo mbili.

Katika jambo hili mkazi wa Mbeya, Njombe, Makete au Mufindi anamzidi mkazi wa pwani. Huko Ujerumani nguruwe wa nyumbani walichinjwa kuanzia Novemba, majira ya baridi yalipoingia, ili nyama isiharibike kabla ya kumalizika kazi. Kwetu majira hayo ni Juni na Julai, wakati Makete inaamkia sakitu na maji ya bomba yanauma vidole. Anayepanga kutengeneza soseji kwa mara ya kwanza achague miezi hiyo, na aanze alfajiri.

Makundi yake

Wajerumani huzigawa soseji kwa kuangalia namna zinavyofikia kuliwa, wala si kwa nyama iliyomo. Kundi la kwanza ni Rohwurst, yaani zile ambazo hazipikwi kabisa bali hutiwa chumvi, huchachushwa, hukaushwa na mara nyingi hufukizwa moshi wa baridi. Salami, Mettwurst na Teewurst zimo humo. Kundi la pili ni Brühwurst, ambazo nyama yake mbichi husagwa hadi ikawa rojo laini, hujazwa kwenye utumbo, kisha huivishwa katika maji ya moto yasiyochemka. Hapa ndipo zilipo Wiener, Bockwurst, Lyoner na Weißwurst. Kundi la tatu ni Kochwurst, ambazo nyama yake huchemshwa kwanza ndipo isagwe na kujazwa, kama Leberwurst ya maini na Blutwurst ya damu. Bratwurst, soseji ya kuchoma au kukaanga, hujazwa ikiwa mbichi na huweza kwenda motoni moja kwa moja au kupitishwa kwanza kwenye maji ya moto.

Kundi la kwanza naliondoa kabisa katika mwongozo huu. Kuchachusha nyama mbichi ya nguruwe kunahitaji chumba chenye unyevu na joto vinavyodhibitiwa kwa wiki kadhaa, bakteria maalumu za kuanzishia na chumvi yenye nitriti iliyopimwa kwa uangalifu. Asiye na vitu hivyo anacheza na afya ya watu wake. Kochwurst ni nzuri, lakini ulaini wa maini na ladha ya damu si vitu vya kuanzia. Tubaki na Bratwurst, kisha tuguse Brühwurst.

Kuchagua nyama

Nunua nyama yenye muhuri wa mkaguzi wa nyama, na usione haya kuuliza. Tahadhari hii ni ya kweli kabisa kwetu, kwa kuwa tegu wa nguruwe amethibitishwa katika maeneo kama Mbozi na Mbeya vijijini, hasa pale nguruwe wanapoachwa kuzurura na kula kinyesi cha binadamu. Nyama yenye mabuu ya tegu huonekana na vifuko vidogo vyeupe, vyenye ukubwa wa punje ya mchele au zaidi kidogo, ndani ya misuli. Anayeila bila kuiva hupata tegu tumboni. Na mayai ya tegu huyo, yakimwingia mtu kwa mikono michafu au maji machafu, yanaweza kuota kama vifuko kwenye ubongo na kuleta kifafa. Kiasi cha chumvi kinachowekwa kwenye soseji hakiui mabuu hayo, wala moshi wa baridi hauyaui. Kinachoyaua ni kuiva hadi katikati, na kwa usalama wa jumla, pamoja na bakteria, soseji ya nguruwe ifikie nyuzi 72 za Selsiasi ndani yake. Ukiviona vifuko hivyo, usijaribu kuokoa sehemu ya nyama. Irudishe na mtaarifu mkaguzi. Pia karantini ya homa ya nguruwe inapotangazwa, nyama isivushwe kutoka wilaya moja kwenda nyingine, ingawa ugonjwa huo wenyewe haumwambukizi mtu.

Sehemu inayofaa ni bega na shingo, zikichanganywa na nyama ya tumboni yenye tabaka za mafuta au mafuta magumu ya mgongoni. Uwiano wa kawaida ni sehemu saba za nyama kwa sehemu tatu za mafuta. Wapo watakaotaka kupunguza mafuta kwa sababu za kiafya, na shabaha yao naielewa, lakini soseji yenye mafuta chini ya robo hutoka kavu na hukatika vipande vipande mdomoni. Ni afadhali kula soseji moja iliyo sawa kuliko tatu zisizo na raha.

Nyumba ambazo hazili nguruwe hazikosi nafasi. Frankfurt wanayo Rindswurst, soseji ya nyama ya ng'ombe tupu, ambayo imetengenezwa mjini humo tangu 1894. Tumia nyama ya bega la ng'ombe pamoja na mafuta ya kidari, na utumbo wa kondoo au wa ng'ombe.

Utumbo

Bratwurst nyingi hujazwa kwenye utumbo mwembamba wa nguruwe wenye kipenyo cha milimita 28 hadi 32, na zile ndogo kwenye utumbo wa kondoo wenye milimita 20 hadi 24. Ukiununua machinjioni ukiwa haujasafishwa, kazi ni ndefu lakini si ngumu. Toa kilichomo kwa kuukamua polepole, pitisha maji mengi, kisha ugeuze ndani nje kwa kuukunja mdomo wake na kuyaacha maji ya bomba yasukume sehemu iliyobaki. Uloweke kwenye maji ya chumvi kwa saa kadhaa, halafu uutandaze juu ya ubao na kuukwangua kwa mgongo wa kisu, bila kutumia makali yake, mpaka ute wote utoke na ubaki utando mwembamba unaopitisha mwanga. Osha tena kwa maji yenye siki au limau. Utumbo usiotumika siku hiyo ufukiwe kwenye chumvi kavu na kuwekwa kwenye jokofu, ambako utakaa wiki nyingi. Siku ya kuutumia, uloweke kwa nusu saa kwenye maji ya uvuguvugu na kupitisha maji ndani yake ili kuona kama umetoboka. Kwa kila kilo ya nyama tenga mita mbili hivi.

Bratwurst

Bratwurst zenye sifa kubwa hutofautiana kwa urefu na viungo. Ile ya Thüringen huwa na sentimita 15 hadi 20, na ndani yake hunukia majoramu, kisibiti na kitunguu saumu. Hesabu za watawa wa mji wa Arnstadt za mwaka 1404 zinataja malipo ya utumbo wa kutengenezea soseji za kuchoma. Ile ya Nürnberg ni ndogo, sentimita 7 hadi 9 na uzito wa gramu 20 hadi 25 tu, ikiwa na majoramu zaidi na utumbo wa kondoo. Majina hayo yote mawili yanalindwa na sheria za Umoja wa Ulaya, kwa hiyo soseji itakayotoka jikoni Iringa, hata ikifuata kila kanuni, ni soseji ya mtindo wa Nürnberg tu.

Kwa kilo mbili chukua kilo 1.4 ya bega la nguruwe, gramu 600 za nyama ya tumboni yenye mafuta, gramu 36 za chumvi, gramu 5 za pilipili manga iliyosagwa, gramu 4 za majoramu kavu, gramu 2 za kisibiti kilichopondwa, kungumanga ya kukwangua kiasi cha nusu kijiko cha chai, punje mbili za kitunguu saumu kilichotwangwa, na mililita 150 za maziwa au maji ya baridi sana. Chumvi ipimwe kwa mizani, kwani gramu 18 kwa kilo ndicho kipimo ambacho mabadiliko madogo yake huonekana mara moja kwenye ulimi. Viungo vingine vinavumilia mkono wa mpishi. Majoramu huuzwa kwenye maduka makubwa, na ikikosekana, oregano iliyopunguzwa nusu hutosha. Kisibiti kisichanganywe na binzari nyembamba, ambayo harufu yake huipeleka soseji upande wa pilau.

Kata nyama na mafuta vipande vya sentimita tatu, vitandaze kwenye sinia na uviweke kwenye friza kwa dakika 30 hadi 40, hadi kingo zake zianze kuganda. Mashine ya kusagia nayo iingie friza. Sababu yake ni kwamba mafuta yaliyopata joto hayakatwi na kisu cha mashine bali husagika na kupakaa. Yakishapakaa, hufunika nyama na kuizuia isishikamane, na baadaye huyeyuka na kukimbia yote kwenye moto. Saga kwa tundu la milimita 4 hadi 6, mara moja tu. Ukiona inatoka kama uji badala ya nyuzinyuzi zinazotenganika, simama, safisha mishipa iliyojifunga kwenye kisu, na urudishe nyama kwenye baridi.

Tia chumvi na viungo, kisha kanda kwa mkono ukimimina maziwa kidogo kidogo. Hapa ndipo wengi wanaharakisha. Chumvi inapokutana na nyama inayokandwa, protini zake hutoka na kuwa gundi inayoshika maji na mafuta; bila gundi hiyo umetengeneza nyama ya kusaga iliyovalishwa utumbo. Kanda kwa dakika tano hadi saba, hadi donge dogo ulilobandika kwenye kiganja libaki limeganda hata ukikigeuza chini. Vidole vikianza kufa ganzi ni dalili njema, kwa maana mchanganyiko bado una baridi. Usipite nyuzi 12. Kaanga kipande kidogo kwenye kikaango na ukionje, kwa sababu kuonja nyama mbichi ya nguruwe hakuruhusiwi hata kwa ncha ya ulimi.

Vuta utumbo wote juu ya faneli, acha sentimita chache zikining'inia, na usukume nyama mpaka ichungulie ndipo ufunge fundo, ili hewa isitangulie. Jaza kwa wastani: soseji iliyojazwa hadi kukakamaa itapasuka unapoisokota. Mtu mmoja asukume na mwingine apokee. Bana kila baada ya sentimita 15, sokota ya kwanza upande mmoja na inayofuata upande wa pili, na pale panapoonekana kiputo cha hewa toboa kwa sindano safi. Zipumzike kwenye jokofu kwa saa mbili bila kufunikwa ili ngozi ikauke, kwani ngozi yenye maji haipati rangi motoni.

Chumvi yenye nitriti, ile inayoipa soseji za dukani rangi ya waridi, haihitajiki hapa. Kwenye moto mkali nitriti inaweza kuzalisha nitrosamini, kemikali zinazoweza kuleta saratani, na soseji ya kuchoma kiasili ni nyeupe kabla ya moto na kahawia baada yake.

Kuivisha kwenye maji

Kwa Wiener na ndugu zake, kilo moja hugawanywa hivi: gramu 500 za nyama isiyo na mafuta, gramu 250 za mafuta na gramu 250 za barafu iliyopondwa, pamoja na gramu 18 za chumvi, pilipili manga, kungumanga na paprika kidogo. Nyama iliyosagwa mara mbili na kuanza kuganda huingia kwenye blenda yenye nguvu pamoja na chumvi na nusu ya barafu, kidogo kidogo, kisha mafuta na barafu iliyobaki, hadi lipatikane rojo linalong'aa. Lisivuke nyuzi 12. Likivuka, mafuta yatajitenga, na hakuna dawa ya kulirudisha. Blenda ndogo ya juisi itaungua, kwa hiyo asiye na mashine imara abaki na Bratwurst.

Maji ya kuivishia yawe na nyuzi 75 hadi 80. Kwa kuwa jiji la Mbeya liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 na si 100, na asiye na kipimajoto anaweza kuitumia hesabu hiyo: lita nne za maji yanayotokota, zikichanganywa na lita moja ya maji ya bomba, hutoa karibu nyuzi 79. Soseji zikiingia joto litashuka, hivyo rudisha moto mdogo hadi mvuke uonekane lakini povu lisipande. Kanuni ya wachinjaji wa Kijerumani ni dakika moja kwa kila milimita ya kipenyo, yaani soseji ya milimita 30 hukaa nusu saa. Zitolewe moja kwa moja kwenye maji ya baridi ili ngozi isinyauke.

Wanaotaka moshi wafukize Wiener kabla ya kuziivisha, kwa nyuzi 60 hadi 70 kwa saa moja. Ujerumani hutumika mti wa Buche. Kwetu mpera, mwembe au mparachichi wa Rungwe uliokauka vizuri unafaa. Paini na mkaratusi visiguswe, hata kama Mufindi vimejaa kila upande, maana utomvu na mafuta yake huacha uchungu na masizi. Ajabu ni kwamba watu wa Coburg huchoma Bratwurst zao juu ya matunda makavu ya paini, yale yenye magamba, lakini hiyo ni dakika chache juu ya moto wa wazi, tofauti na saa nzima ndani ya moshi.

Weißwurst ya München, inayosimuliwa kuanza mwaka 1857, ni ya nyama ya ndama na mafuta ya nguruwe, ikiwa na kotimiri ya Kizungu (parsley) na ganda la limau. Haichomwi kamwe. Hupashwa kwenye maji ya moto kwa dakika kumi, huliwa asubuhi kabla ya saa sita mchana pamoja na haradali tamu, na ngozi yake haitafunwi.

Kwenye mkaa na kikaango

Mkaa wa miwati ya Njombe ni mzuri kwa Bratwurst kwa sababu hushika moto muda mrefu bila kuruka cheche. Subiri uvae majivu meupe. Kiganja kikiwa shubiri moja juu yake kivumilie sekunde tano. Soseji mbichi huchukua dakika 15 hadi 20, zikigeuzwa kwa koleo mara kwa mara, na iliyopitishwa kwenye maji huchukua dakika nane. Uma usitumike, wala kisu cha kuchungulia: kila tundu ni mlango wa mafuta kuangukia mkaa na kuwasha ndimi za moto. Watu wa Thüringen hunyunyizia bia kuzituliza, na maji ya chumvi hufanya kazi hiyo hiyo.

Kwenye kikaango, weka soseji na maji ya kufunika chini tu, funika kwa dakika nane, kisha acha maji yakauke na umalizie kwa mafuta kijiko kimoja hadi zipate rangi. Kuzitumbukiza kwenye karai la mafuta ya chipsi ndiyo njia mbaya kuliko zote kwa soseji mbichi, kwa sababu ngozi hupasuka kabla katikati hapajaiva.

Kwa jioni za baridi za Julai ninapendekeza Blaue Zipfel ya Franken, ambayo haijulikani sana nje ya Ujerumani. Chemsha lita moja ya maji, mililita 250 za siki, vitunguu vinne vilivyokatwa duara, karoti, karafuu mbili, punje kumi za pilipili manga, chumvi na sukari kidogo kwa nusu saa. Punguza moto, tia Bratwurst ndogo mbichi zikae dakika 20 bila maji kutokota, na ule pamoja na supu yake na mkate.

Currywurst ni ya mjini zaidi: Herta Heuwer aliiuza Berlin mwaka 1949, soseji iliyokatwa vipande na kumiminiwa mchuzi wa nyanya wenye bizari ya mchuzi. Nyanya za Ilula zilizoiva, zikipikwa na kitunguu, siki, sukari na kijiko cha bizari hadi ziwe nzito, hutoa mchuzi unaozidi ule wa chupa, na chipsi za viazi vya Njombe zinajua nafasi yake pembeni.

Kabichi chachu inayokwenda na Bratwurst huhitaji gramu 20 za chumvi kwa kilo ya kabichi iliyokatwa nyembamba. Kanda hadi itoe maji, shindilia kwenye chupa pana, hakikisha maji yake yanaifunika, na uiache wiki tatu hadi nne. Joto la nyumba zetu, nyuzi 18 hadi 20, ndilo linaloifaa.

Bratwurst mbichi zipikwe siku hiyo au kesho yake. Zisizopikwa zigandishwe kwa nyuzi 18 chini ya sifuri na kutumika ndani ya miezi miwili. Zilizoivishwa kwenye maji hukaa jokofuni siku tatu au nne. Kuyeyusha kufanyike ndani ya jokofu usiku kucha, na umeme ukikatika hadi soseji mbichi zikalainika na kupata joto, zisigandishwe tena: zipikwe zote papo hapo au zitupwe.